UZI: Habasoda na mlonge zalinda figo na sindano za jenta? Babangu yuko wodini

#1 Mwana_Kibokoni
Salaam nduzangu. Babangu ana miaka 67, ana presha, na leo ni siku ya saba wodini kwa maambukizi yaliyoingia hadi kwenye damu. Amekuwa akipigwa sindano za jentamisini (jenta), dawa ya kuua bakteria, pamoja na dawa nyingine. Asubuhi daktari ametuita pembeni, kreatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua figo zafanya kazi vipi, imepanda kutoka 98 hadi 214. Figo zimeumia, na jenta inasimamishwa leo leo.

Sasa shangazi yangu tangu juzi yuwaja na chupa ya mafuta ya habasoda na unga wa mlonge. Asema baba anywe kijiko asubuhi na jioni, vyalinda figo na sumu ya dawa. Nikadhani ni maneno ya barazani tu. Usiku nikakaa na simu nikatafuta, nikakuta kweli wataalamu wamejaribu habasoda, mlonge, tangawizi, manjano, hata choya, zote dhidi ya hiyo hiyo jenta, na waandika figo zilisalimika. Nimpe? Nimzuie shangazi? Naomba mwenye kujua anijibu, si wa kukisia. Sijalala.

#2 Shehe_Marikiti
Pole sana mwanangu, Mungu amponye mzee. Mimi nauza viungo na mafuta Marikiti mwaka wa 22 huu. Habasoda Mtume ametwambia ni tiba ya kila ugonjwa ila mauti. Kijiko kimoja cha mafuta yaliyokamuliwa bila moto, pamoja na asali, hakijamdhuru mtu ninayemjua. Mpe.

#3 Dereva_Changamwe
Shehe, siku ile nilikwambia gari langu lachemsha maji ukaniambia habasoda 😂 Dada pole, ngoja waje wenye taaluma, humu wamo.

#4 Mwanafunzi_Maabara
Nimekaa na hao panya kwa mikono yangu, nikiwalisha na kuwapima, kwa hiyo acha nieleze hayo uliyosoma usiku yafanywa vipi.

Wachukuliwa panya dume, wadogo, wazima kabisa. Wagawanywa makundi: wasiopewa kitu, waliopewa jenta peke yake, waliopewa jenta na dawa ya mmea. Jenta huwa miligramu 80 hadi 100 kwa kilo moja ya uzito, kila siku, kama siku nane. Mtu hupewa miligramu 5 au 7 kwa kilo. Kisha hupimwa urea na kreatinini, figo hukatwa na kutazamwa kwa darubini. Na ni kweli: mara nyingi kundi la mmea huonekana bora kuliko kundi la jenta tupu. Hilo sitalikana, nimeliona.

Lakini tazama saa ya dawa. Panya mara nyingi huanza kunyweshwa mmea kabla ya sindano ya kwanza, au siku moja nayo. Babako ameshapigwa wiki nzima. Na yule panya hana miaka 67 wala presha. Kuzuia moto usiwake si sawa na kuuzima.

#5 Muuguzi_Tudor
Mwana, kabla ya habasoda nataka kujua mambo matatu. Moja, anakojoa kiasi gani? Mbili, nyumbani alikuwa anameza nini, VYOTE, hata vya kununua dukani. Tatu, je, shangazi ameshampa chochote?

Na mkojo usiwadanganye. Jenta huumiza figo huku mkojo ukiendelea kutoka vizuri. Nimeona familia zikisema "lakini yuwaenda haja ndogo kama kawaida" na damu yaonyesha mambo mengine. Kreatinini ikipanda mara mbili, kazi ya figo imeshuka karibu nusu.

Chochote cha kunywa wodini, hata kama ni cha shangazi mwenye mapenzi, kiambiwe daktari kwanza. Nasema hivi kwa upendo, nimewaona wengi.

#6 Ami_wa_Likoni
Hizo sindano ndizo mbaya. Mimi nina magoti tangu nilipokuwa nabeba mizigo bandarini, na kwa miaka minane nameza diklo yangu (diklofenaki) mbili kwa siku, dawa ya maumivu ya kawaida ya dukani, na figo zangu nzima. Mtu asiogope vidonge vya kawaida, aogope sindano za hospitali.

#7 Famasia_Makupa
Ami, shikamoo, lakini hapo #6 sikubaliani nawe hata kidogo na nakuomba ukapime kreatinini wiki hii. Lini mara ya mwisho ulipima? "Nzima" kwa kipimo gani?

Figo hupata damu kwa mshipa unaoingia na hutoa kwa mshipa unaotoka. Diklo, brufeni na ndugu zao hufunga kemikali inayouweka wazi ule mshipa unaoingia. Dawa za presha kama losartani na enalaprili hulegeza ule unaotoka. Kidonge cha kukojoza hupunguza maji mwilini. Moja moja, mtu mzima hustahimili. Zote tatu kwa mtu mmoja, halafu aharishe au akae na homa bila kunywa maji, figo hubaki bila msukumo wa damu. Huhitaji sindano yoyote hapo.

Jenta yaumiza kwa njia nyingine kabisa. Ikishachujwa, seli za vijimirija vya mwanzo vya figo huivuta ndani na kuikusanya siku baada ya siku hadi zife. Ndiyo maana kupanda huonekana kuanzia siku ya tano, sita, saba. Na ndiyo maana siku hizi dozi hutolewa mara moja kwa siku badala ya kugawanywa mara tatu: zile seli zina kikomo cha kuvuta kwa mkupuo mmoja, inayozidi hupita na mkojo.

Mwana, mjibu Muuguzi swali la pili. Jibu naliogopa.

#8 Mwana_Kibokoni
Nimempigia mama. Nyumbani baba anameza losartani na kidonge cha kukojoza, vya presha. Na diklo! Kwa mgongo. Mama asema tangu Ramadhani anakula karibu kila siku, anatumwa mtoto dukani. Kabla ya kulazwa aliharisha siku tatu. Hospitali tuliulizwa dawa za presha tukazitaja, diklo haikuingia akilini mwa mtu, sisi twaihesabu kama panadoli.

Shangazi hapokei simu.

#9 Famasia_Makupa
Inna lillahi. Mwambie daktari sasa hivi, usingoje mzunguko wa asubuhi. Basi huenda jenta haikuwa ya kwanza kubisha, ilikuta mlango uko wazi.

#10 Mlezi_Kisauni
Pole mdogo wangu. Mume wangu alitibiwa saratani kwa sisplatini. Siku ya kwanza nilienda na chupa ya manjano na tangawizi niliyochemsha tangu alfajiri. Nilikuwa nimesoma hayo hayo, kwamba panya waliopewa manjano figo zao zilikuwa nzuri.

Daktari mama mmoja alikaa nami chini, hakunifokea. Akaniambia dawa hiyo yaua saratani kwa kuiharibu seli, na tukimimina kitu cha kuzilinda seli, nani atakiambia kilinde figo tu kiache uvimbe? Sikuwa na jibu. Akanionyesha kinga yao: chupa za maji ya chumvi kabla ya dawa na baada ya dawa, zenye magnesi ndani, na kupima mkojo. Akasema sisplatini ilikaribia kuachwa kabisa miaka ya 1970 kwa ajili ya figo, hadi ilipogunduliwa kwamba maji mengi yaipunguzia makali.

Nilirudi na chupa yangu nyumbani nikalia. Mtu wataka kufanya kitu kwa mkono wako mwenyewe. Tangawizi kidogo aliniruhusu kwa ajili ya kichefuchefu, na mpaka leo mume wangu asema ndiyo iliyomuokoa ile miezi. Figo zake ziko salama. Ni maji? Ni tangawizi? Mimi nashukuru tu.

#11 Mtoto_wa_Kaya
Nasoma tangu juu na moyo unaniuma kidogo. Babangu alikuwa mganga wa miti Kaloleni, watu walitoka mpaka Mombasa kumfuata. Hakumpa mtu dawa bila kumuuliza anameza nini kingine. Alijua mzizi wa mti fulani ni wa kunywa siku tatu na siku ya nne ni sumu. Hiyo ni elimu. Si sawa na unga wa mlonge wa kopo unaouzwa stendi.

Mwasema "ni panya tu". Pakanga ya Wachina nayo ilianzia vitabu vya kale na panya, ikawa dawa ya malaria inayowaponya watoto wetu, na mtafiti wao Tu Youyou akapewa Nobel 2015. Nani atajaribu mkilifi au mlonge kwa watu kama hakuna kampuni itakayopata faida? Kutojaribiwa si sawa na kutofanya kazi.

#12 Mwanafunzi_Maabara
@Mtoto_wa_Kaya #11 nakubaliana nawe kwenye hilo la mwisho kabisa. Lakini artemisinini, hiyo dawa ya pakanga, haikuishia kwenye panya, ndiyo hoja yangu. Na vingine vilivyofika kwa watu viliangusha matumaini. Silimarini, dawa ya ule mbaruti wa Ulaya, iling'aa kwa panya wa sisplatini. Iran wakawapa wagonjwa vidonge, wakachapisha 2015: haikuzuia. Asetilisisteini, si mmea lakini ni kinga ya aina hiyo hiyo, ilitolewa miaka mingi kwa wanaopigwa picha kwa dawa ya rangi. Ilipopimwa kwa watu karibu 5000, matokeo ya 2018, haikuwa na tofauti na kidonge kitupu.

#13 Shehe_Marikiti
Vidonge! Wewe wasema vidonge vya kiwandani. Mafuta halisi ya habasoda ni kitu kingine. Hao hawakupewa mafuta.

#14 Mwanafunzi_Maabara
Hapo una hoja, shehe. Na hilo ndilo tatizo jingine: mafuta ya chupa yako na ya jirani yako hayana nguvu sawa, hata msimu kwa msimu. Daktari ataandika kijiko cha kipi?

#15 Famasia_Makupa
Nami niseme la kumpa moyo Mtoto_wa_Kaya, kwa sababu kinga ya figo si ndoto. Imipenemu, dawa kali ya bakteria, imeunganishwa na silastatini ndani ya kichupa kimoja. Silastatini haiui bakteria hata mmoja. Kazi yake ni kukizuia kimeng'enya cha figo kisiivunje ile dawa, na inailinda figo. Kwa hiyo yawezekana. Imepatikana kwa sababu walijua mlango upi wa kuufunga.

Lakini pia kumbukeni Ubelgiji, mapema miaka ya 1990. Wanawake waliokuwa wakitumia mitishamba ya kupunguza unene walianza kufa figo mmoja baada ya mwingine. Ndani ya mchanganyiko mlikuwa na mmea wa Aristolochia.

#16 Mtoto_wa_Kaya
Na uliingiaje, @Famasia_Makupa? Uliingia badala ya mmea mwingine, majina ya Kichina yakachanganywa. Ni kosa la asiyeujua mti kwa jani na kwa harufu. Babangu asingekosea hilo. Kisa hicho hicho chaniunga mkono mimi.

#17 Famasia_Makupa
Chaniunga mkono mimi pia, kwa sababu babako hayuko Marikiti kukagua kila gunia.

#18 Mwana_Kibokoni
Shangazi amepokea. Nduzangu, kaeni chini.

Habasoda amempa baba mara mbili, vijiko viwili tu, kabla hatujamuona. Hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba mwezi mzima kabla ya kulazwa alikuwa anamkamulia maji ya birimbi, lile tunda kali la kijani, glasi asubuhi kabla ya kula, kwa ajili ya presha na mafuta ya damu. Mbirimbi uko uani kwake. Alia kwenye simu, auliza "nimemuua kakangu?" Birimbi ina neno?

#19 Famasia_Makupa
Ina neno. Mwambie shangazi hajamuua mtu, lakini ina neno.

Birimbi ina asidi ya oksaliki nyingi mno, ndiyo ule ukali. Ikiingia kwa wingi kwenye damu hukutana na kalsiamu, vikawa fuwele vidogo vinavyoziba vijimirija vya figo. Kerala, India, waliandika 2013 juu ya wagonjwa 10 waliokunywa maji ya birimbi kwa ajili ya kolesteroli. Figo ziliwakwama ghafla, na wengi wao walihitaji mashine ya kusafisha damu. Walipona, lakini ilikuwa hofu. Tumbo tupu na kutokunywa maji huzidisha.

Kwa hiyo sasa una jenta, una diklo na wenzake wawili, una kuharisha, una birimbi. Kila moja laweza kuumiza figo, sembuse yakikutana.

#20 Mama_Achari
Subhanallah! Mimi naanika birimbi juani kila msimu, nauza achari Mji wa Kale mpaka Bamburi. Mwataka kuniambia nawaua wateja?

#21 Famasia_Makupa
La, mama. Vipande viwili vya achari pembeni ya pilau si glasi ya maji yaliyokamuliwa birimbi kumi na tano kila alfajiri. Mwenye figo mbovu tayari ndiye aache kabisa.

#22 Dereva_Changamwe
Mama_Achari, usifunge biashara, mimi bado nadai kopo langu la Ijumaa. Na shehe, niwekee tangawizi, si habasoda 🙏

#23 Ami_wa_Likoni
@Famasia_Makupa nimepima. 156. Sikuwa na dalili yoyote wallahi. Daktari ameniambia niache diklo leo na nirudi wiki mbili. Magoti yauma nisivyoweza kueleza. Nashukuru kijana.

#24 Muuguzi_Tudor
Ami, pole, na umefanya jambo kubwa kurudi kutwambia. Muulize daktari kuhusu panadoli kwa kipimo, dawa ya kupaka, na mazoezi ya mapaja. Wapo wataalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, usiwaonee haya.

Mwana, birimbi imeandikwa kwenye faili? Na habasoda?

#25 Mwana_Kibokoni
Zote. Daktari kijana ameandika neno "birimbi" kwa herufi kubwa, akauliza ni tunda gani, si mtu wa pwani. Nikampeleka picha ya ule mti. Hakutucheka. Ameagiza mkojo utazamwe kama una fuwele na amepunguza dawa za presha kwa sasa. Maji ya mshipa yaendelea.

#26 Mwana_Kibokoni
Siku ya nne tangu jenta isimamishwe. 241 juzi, leo 187. Ameomba uji mwenyewe.

#27 Shehe_Marikiti
Alhamdulillahi. Vile vijiko viwili si bure.

#28 Mwanafunzi_Maabara
Alhamdulillahi. Shehe, seli za vijimirija hujizaa upya zikishaachwa na jenta, siku hadi wiki kadhaa. Hata bila kijiko namba zingeweza kushuka hivi hivi.

#29 Famasia_Makupa
Au ni diklo iliyoachwa tangu alipolazwa. Au birimbi. Mimi naegemea diklo pamoja na kuharisha, jenta ikamalizia. Lakini siwezi kuapa.

#30 Muuguzi_Tudor
Diklo aliiacha alipolazwa, na kreatinini ya kulazwa ilikuwa 98. Kama ni diklo mbona haikuwa juu tangu siku ya kwanza?

#31 Famasia_Makupa
Hoja nzuri hiyo. Kreatinini huchelewa siku moja au mbili nyuma ya jeraha, lakini si wiki. Na mkojo wa fuwele umesemaje?

#32 Mwana_Kibokoni
"Chache." Daktari asema chache zaweza kuonekana hata kwa mtu mzima, haziamui kitu.

#33 Mtoto_wa_Kaya
Na mlonge je? Mnaijadili habasoda, mlonge mmeusahau.

#34 Mwana_Kibokoni
Mlonge hakuupata, shangazi ameapa. Uko jikoni kwangu bado umefungwa.

#35 Muuguzi_Tudor
Ubaki umefungwa kwanza. Majani ya mlonge yana potasiamu nyingi, na figo zilizochoka hazijui kuitoa, na losartani yazidisha. Potasiamu ikipanda mno, moyo waweza kusimama. Na madafu ni vivyo hivyo, najua atayaomba.

#36 Mwana_Kibokoni
Ameshayaomba! Asema uji bila dafu ni adhabu. Nimemwambia potasiamu yapimwa kesho asubuhi, ikishuka daktari ndiye atakayesema. Shangazi yuko nami hapa, ameleta mkeka, amesema leo yeye ndiye atakayelala wodini. Mifuko yake nimeipekua, ameniruhusu mwenyewe. Ni tasbihi na kanga tu.

#37 Dereva_Changamwe
Mwambie mzee daktari akiruhusu tu, dafu la kwanza nalileta mimi kutoka Kongowea. Mkihitaji gari usiku huu piga, niko Makupa.

#38 Mama_Achari
Na sisi wa birimbi twangoja kipimo cha kesho. Usisahau kuandika, Mwana.